Mwana wa Kubebwa na Bibi wa Kuigwa: Vichezeo, Vyombo vya Habari na Dhana ya Mafanikio kwa Watoto wa Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Sanamu ndogo ya mtu ambayo watoto huichezea huitwa kwa Kiswahili mwanasesere. Katika matumizi ya zamani huitwa pia mtoto wa bandia. Majina yote mawili yanaanzia mahali pamoja: la kwanza linaanza na mwana, la pili na mtoto. Kwa mujibu wa lugha, basi, kitu hicho si mtu mzima aliyepunguzwa kimo, bali ni mtoto. Na anayekichezea, hata akiwa na umri wa miaka mitano, papo hapo hukalishwa katika nafasi ya mzazi. Neno bandia nalo halikukaa mahali pamoja. Leo noti huwa bandia, dawa huwa bandia na vyeti huwa bandia. Lakini alipoitwa mtoto wa bandia, mwanasesere hakudhaniwa kuwa ni udanganyifu. Alichukuliwa kuwa ni kivuli cha jambo la kweli litakalokuja.

Uhusiano huo baina ya kivuli na jambo lenyewe ndio kiini cha mhadhara huu. Wazee wamesema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na aghalabu methali hiyo hueleweka kuwa inahusu maonyo na adhabu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya malezi haipiti katika maneno. Hupita katika vitu ambavyo mtoto hukabidhiwa mkononi na katika hadithi ambazo husikilizishwa jioni. Kichezeo na chombo cha habari hufundisha jinsia kwa njia moja: humpa mtoto nafasi ya kuishika kabla hajaweza kuuliza maana yake.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba, katika Afrika Mashariki, mafunzo ya namna hiyo hayakuletwa na maduka wala runinga. Yalikuwapo tangu kale. Kilichobadilika ni mambo mawili: nani anayeyatoa, na ni mafanikio gani anayoahidiwa mtoto mwishoni. Katika mafunzo ya kale mafanikio ya msichana yalipimwa kwa mtoto atakayemlea. Katika kichezeo cha dukani yalianza kupimwa kwa sura na mali yake mwenyewe. Katika michezo ya redio na vipindi vya watoto kwa lugha ya Kiswahili, imekuwapo jitihada ya kuyapima kwa uamuzi na akili yake. Vipimo hivyo vitatu havikufuatana kwa namna ya kimoja kukifuta kingine. Vyote vimo leo katika nyumba moja, na mara nyingi katika mikono ya mtoto mmoja.

2.0 Mwana Hiti na Elimu ya Mwali

Miongoni mwa Wazaramo na majirani zao, kama vile Wakwere, ipo sanamu ndogo ya mti ijulikanayo kama mwana hiti. Ni kipande cha mviringo kisicho na mikono wala miguu. Kichwa chake aghalabu hugawanyika sehemu mbili mithili ya msuko wa nywele, na kifuani huwekwa alama za matiti. Mtafiti Marja-Liisa Swantz, aliyeishi na Wazaramo wa vijiji vya pwani karibu na Dar es Salaam katika miaka ya 1960, aliieleza kwa kirefu nafasi ya sanamu hiyo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1970.

Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali. Muda wa kukaa ndani ulikuwa miezi, na katika zama za nyuma uliweza kuwa mrefu zaidi. Katika kipindi hicho alikabidhiwa mwana hiti, naye alimtunza kama mtoto: alimwogesha, akampaka mafuta na kumlaza. Wanawake waliomfunda walikuwa wakiangalia. Namna alivyomshughulikia sanamu huyo ilikuwa dalili ya namna atakavyomshughulikia mtoto wa kuzaa.

Yafaa kuuliza kama mwana hiti ni kichezeo. Kwa maana finyu ya neno hilo, si kichezeo, kwa kuwa mwali hakuwa huru kumchezea apendavyo wala kumtupa alipochoka. Umbo lake lilionekana pia katika nguzo za makaburi, katika fimbo na katika viti, jambo linaloonyesha kwamba lilihusu uhai wa ukoo mzima. Katika jamii ambamo ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, tumbo la msichana lilikuwa njia ya wahenga kurudi duniani. Hata hivyo, kitendo chenyewe ni kilekile cha mtoto na mwanasesere: kufanya leo, kwa mfano, jambo litakalotakiwa kufanywa kesho kwa hakika.

Mambo mawili yanadhihirika katika desturi hiyo. Kwanza, mafunzo yalikuwa na mwalimu anayejulikana. Kungwi alikuwa na jina, na mwali aliweza kumrudia baada ya ndoa kumtaka shauri. Pili, mafanikio yaliyoahidiwa yalikuwa mamoja tu. Msichana aliyemtunza vizuri mwana hiti hakuahidiwa kusafiri, kufanya biashara wala kusoma, aliahidiwa uzazi. Yule ambaye hakujaliwa kuzaa alibaki na uchungu ambao sanamu ile ilikuwa imemwandalia tangu mwanzo. Si sahihi, basi, kuyasawiri mafunzo ya kale kama bustani isiyo na miiba.

Katika miji ya pwani ya kaskazini kulikuwa na chombo kingine kilichofanya kazi ya kufanana na hiyo, nacho kilikuwa utenzi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utendi wa kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Utendi huo ulinakiliwa, ukahifadhiwa moyoni na kusomwa na wanawake kwa vizazi kadhaa, hata ukachapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934. Wahakiki wamebishana kwa muda mrefu kama mtungaji anamfunza binti utii au anamfunza werevu wa kuishi ndani ya utii. Kwa mada hii linalotosha ni umbo la mawasiliano yenyewe: mama anazungumza, binti anasikiliza, na wasichana wengine wanaoupokea utendi huo wanakaa katika nafasi ya binti. Kama ilivyokuwa kwa mwana hiti, anayefundisha anajulikana na anawajibika kwa anayemfundisha.

3.0 Gunzi na Waya: Vichezeo vya Kujitengenezea

Nje ya unyago na nje ya utenzi, watoto walikuwa na ulimwengu wao ambao watu wazima hawakuusimamia kwa karibu. Wasichana walichukua gunzi la muhindi, wakaliacha na ndevu zake ziwe nywele, wakalifunga kitambaa na kulibeba mgongoni kwa kipande cha kanga. Walipika mchanga katika vifuu, wakacheza mdako na rede, na katika mchezo wa baba na mama waligawana kazi kama walivyoona kwao. Wavulana walirusha tiara, wakazungusha pia, na katika miji ya mwambao walichonga vyombo vidogo vyenye tanga na kuvishindanisha majini.

Barabara za magari zilipoenea katika karne ya ishirini, kikaongezeka kichezeo ambacho pengine ndicho maarufu kuliko vyote katika kumbukumbu za wanaume waliokulia Afrika Mashariki: gari la waya. Mvulana alikusanya waya, makopo na nyayo za kandambili zilizochakaa za kukatia magurudumu. Alilipa gari lake usukani mrefu, akalisukuma njiani huku akiiga mngurumo wa injini kwa mdomo. Gari hilo lilimfunza mambo ambayo gunzi halikumfunza dada yake: kupima, kukunja, kukosea na kurekebisha. Lilimfunza pia kwamba nafasi yake ni njiani. Gunzi lilibebwa na kurudishwa nyumbani. Gari lilisukumwa na kuondoka.

Hapa ndipo tofauti ya kijinsia ilipojificha ndani ya kitu kinachoonekana cha kawaida. Hakuna aliyemwambia mvulana kwamba kufaulu ni kuondoka, wala hakuna aliyemwambia msichana kwamba kufaulu ni kubaki. Vichezeo vilisema hivyo vyenyewe. Katika miongo ya kati ya karne ile dereva wa lori alikuwa mtu wa kuheshimiwa kijijini: alikuwa na mshahara, alijua miji na alileta habari. Mvulana mwenye gari la waya alikuwa akijifunza ndoto hiyo kwa miguu yake.

Vichezeo hivyo vilikuwa na fadhila moja ambayo haipasi kusahauliwa. Mtoto aliyejitengenezea kichezeo aliweza kukibadili. Wapo wasichana waliosukuma magari ya waya na wavulana waliombeba mtoto wa gunzi, na walipochekwa, walichekwa na wenzao tu. Mpaka wa jinsia ulikuwapo, lakini ulichorwa mchangani. Kichezeo kilichotoka kiwandani kilikuja na mpaka uliokwisha kuchapwa juu ya boksi.

4.0 Mwanasesere Aliyekoma Kuwa Mwana

Ili kuelewa kichezeo cha kiwandani, inabidi kwenda kwa muda nje ya Afrika Mashariki, kwa sababu mageuzi yake makubwa yalitokea Marekani. Huko nako, hadi miaka ya 1950, wanasesere wengi waliouzwa kwa wasichana walikuwa na umbo la watoto wachanga. Ruth Handler, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Mattel, alimwona binti yake Barbara akipenda kuchezea picha za karatasi za wanawake watu wazima, akiwapa kazi na maisha. Alipokuwa safarini Ulaya alikutana na mwanasesere wa Kijerumani aliyeitwa Bild Lilli, aliyetoka mwaka 1955 kutokana na mhusika wa katuni za gazeti. Tarehe 9 Machi 1959, katika maonyesho ya vichezeo jijini New York, Mattel ilimtoa hadharani Barbie.

Barbie hakuwa mwana. Kwa kipimo cha Kiswahili, jina mwanasesere halimfai sawasawa, kwa kuwa habebwi wala halishwi. Yeye ni bibi mwenye nguo, viatu, gari na nyumba, na msichana anayemchezea hawi mama yake, bali hutazamia kuwa yeye. Badiliko hilo lilikuwa na sura mbili, na haki inataka zote zitajwe. Kwa upande mmoja lilimtoa msichana katika kifungo cha uzazi. Barbie hakuwa na mtoto. Mwaka 1965 alitolewa akiwa mwanaanga, na tangu alipotokea amepewa kazi zaidi ya 200. Kwa upande mwingine, kazi zote hizo zilivaliwa na mwili mmoja, mwembamba kupita maumbile ya kawaida ya mwanamke, na kila kazi ilikuwa ni vazi la kununuliwa.

Mgongano wa sura hizo mbili ulidhihirika mwaka 1992. Mwaka huo kampuni ilimtoa Barbie mgombea wa urais wa Marekani, na mwaka huohuo ikamtoa Barbie wa kuzungumza, ambaye miongoni mwa maneno aliyorekodiwa yalikuwamo ya kulalamikia ugumu wa somo la hisabati. Chama cha wanawake wasomi wa vyuo vikuu cha Marekani kilipinga, na kampuni ikayaondoa maneno hayo. Mtoto aliambiwa na vazi kwamba anaweza kuwa rais, na sauti ikamwambia kwamba hesabu si zake.

Swali kama mambo hayo humwathiri mtoto kweli limechunguzwa na wanasaikolojia. Katika miaka ya 1940 Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wa Marekani wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Watoto wengi walimchagua mweupe na kumwita mzuri, na ushahidi huo ulitajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyobatilisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Mwaka 2006 Helga Dittmar na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wasichana 162 wa Uingereza wenye umri wa miaka 5 hadi 8. Wale wadogo waliotazama picha za Barbie waliridhika na miili yao kwa kiwango cha chini kuliko wenzao waliotazama picha nyingine. Mwaka 2014 Aurora Sherman na Eileen Zurbriggen walichapisha uchunguzi mdogo wa wasichana 37 wa Marekani wenye umri wa miaka 4 hadi 7. Baada ya dakika chache za kucheza, wasichana waliopewa Barbie walisema kwamba wavulana wanaweza kufanya kazi nyingi kuliko wao, na tofauti hiyo ilikuwa ndogo kwa waliopewa kichezeo cha kiazi chenye uso wa mwanamke. Jambo zito zaidi ni kwamba matokeo hayakubadilika hata Barbie alipovaa koti la daktari. Mwili ulizungumza kwa sauti kubwa kuliko vazi.

Uchunguzi wa watoto wa nchi nyingine haupaswi kuhamishwa ulivyo hadi Tandale au Kibera. Hata hivyo unaweka wazi jambo ambalo kungwi wa Kizaramo angelikubali bila kushangaa: kitu kinachoshikwa mkononi hufundisha, na hufundisha hata pasipokuwa na nia ya kufundisha.

Afrika Mashariki ilimpokea bibi huyo wa plastiki kwa kuchelewa. Katika Tanzania bidhaa za nje zilikuwa chache hadi katikati ya miaka ya 1980, na biashara huria ilipofunguliwa ndipo wanasesere wa plastiki, wengi wao wakiwa ni miigo ya bei nafuu, walipojaa katika masoko kama Kariakoo. Mwaka 1994 vituo binafsi vya runinga vilianza kurusha matangazo Tanzania Bara, na mashindano ya urembo ya taifa yakarejeshwa mwaka huohuo. Robo karne tu iliyotangulia, kuanzia Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umeendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na krimu za kujichubua. Kizazi kimoja kilishuhudia mwili wa msichana ukitumiwa kwanza kama kipimo cha heshima ya taifa, kisha kama kipimo cha kufaulu kwake mwenyewe. Katika hali zote mbili kipimo kilikuwa nje ya akili yake.

5.0 Fulla na Mipaka ya Kubadili Vazi

Nchi za Ghuba, ambazo zina uhusiano wa karne nyingi na pwani ya Waswahili, zilimjibu Barbie kwa njia yake yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2003 kampuni ya NewBoy yenye asili ya Syria ilimtoa Fulla, mwanasesere aliyevaa baibui na mtandio, aliyekusudiwa kuonyesha adabu na mapenzi ya familia. Alipata soko kubwa katika nchi za Kiarabu. Mwaka mmoja kabla, Iran ilikuwa imewatoa Sara na Dara, watoto wawili wa mavazi ya kitaifa, kwa nia hiyohiyo.

Jibu hilo linastahili kuheshimiwa kwa kuwa lilikiri wazi kwamba kichezeo si kitu kitupu na kwamba jamii ina haki ya kuchagua mafunzo ya watoto wake. Hata hivyo, Fulla naye ni bibi mwembamba mwenye kabati la nguo za kuongezewa. Alibadili maadili ya vazi bila kubadili mpango wa biashara. Mtoto anayetaka kuwa Fulla, kama mtoto anayetaka kuwa Barbie, hana budi kununua kitu kingine. Fundisho hapa ni kwamba kuweka vazi la kienyeji juu ya kichezeo cha kigeni hakutoshi. Mwanasesere aliyevalishwa kanga anaweza kuendelea kusema yaleyale.

6.0 Sauti Zilizojaribu Kubadili Nafasi

Wakati vichezeo vilipokuwa vikibadilika, vyombo vya habari vya Kiswahili vilikuwa navyo na historia yao. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, na aliyewahi kutembeza vyungu mjini, aliingia studio mjini Bombay mwaka 1928 na sauti yake ikatolewa katika santuri. Kabla ya hapo mwanamke wa hali ya chini hakuwa na chombo cha kumfikisha Mombasa na Dar es Salaam kwa siku moja. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake, alimweka katika nafasi ambayo wasifu wa Kiswahili haukuwa umezoea kumpa mwanamke wa asili kama yake: nafasi ya mtu aliyefaulu kwa kipaji na bidii.

Redio ndiyo iliyozifikia nyumba nyingi zaidi. Mfano ulio wazi ni Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwezi Julai 1993. Mchezo huo ulikusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI, ugonjwa ambao wagonjwa wa kwanza walitambuliwa nchini katika mkoa wa Kagera mwaka 1983. Mhusika wake aliyekumbukwa sana ni Mkwaju, na kazi yake ni udereva wa lori.

Uteuzi wa kazi hiyo haukuwa wa bahati, kwa kuwa njia kuu za malori zilikuwa pia njia za maambukizi. Lakini ulikuwa na maana ya ndani zaidi kwa wasikilizaji wa kiume waliokulia na magari ya waya. Mkwaju ndiye yule mvulana wa usukani mrefu aliyetimiza ndoto yake: ana lori, ana fedha, ana wanawake njiani. Mchezo ulimchukua shujaa huyo ukamwonyesha akianguka, hadi akapatwa na UKIMWI. Kwa upande mwingine mkewe, Tunu, aliyeanza akiwa mvumilivu wa kila jambo, alifika mahali akamwacha, akaanzisha biashara ndogo na kulea watoto. Mafanikio ya kuondoka na mafanikio ya kubaki yakabadilishana nafasi. Aliyeondoka aliangamia, na aliyebaki hakubaki tena kama alivyokuwa, bali alianza kuamua.

Athari ya mchezo huo ilipimwa. Kwa miaka miwili ya kwanza haukurushwa katika eneo la Dodoma, ili eneo hilo lilinganishwe na maeneo mengine. Everett Rogers na wenzake walichapisha matokeo mwaka 1999, wakionyesha kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka katika maeneo yaliyousikia na kwamba mume na mke walizungumza zaidi juu ya jambo hilo. Neno walizungumza ndilo la kuzingatiwa. Mwana hiti alifundisha kwa kimya na Barbie hufundisha kwa kimya. Mchezo wa redio ulileta maneno mezani, na jambo lililopata maneno huweza kubishaniwa.

7.0 Msichana Aliyeitwa Akili

Katikati ya miaka ya 1990 shirika la UNICEF lilianzisha katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika hadithi za Sara, msichana mwenye nia ya kusoma anayekabili vikwazo vya nyumbani na njiani. Hadithi hizo zilitolewa katika vitabu vya katuni, filamu na vipindi vya redio, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake. Sara hakuwa mama wala bibi wa kupambwa. Alikuwa ni mtoto aliyefaulu kwa kutafuta njia.

Kuanzia mwaka 2014 watoto wa Tanzania wametazama Ubongo Kids, katuni za Kiswahili zinazofundisha hisabati na sayansi, ambamo wasichana na wavulana hutatua mafumbo pamoja. Miaka miwili baadaye kikafuata kipindi cha watoto wadogo zaidi, ambacho mhusika wake mkuu ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Jina lake ni Akili.

Kwa mwanafunzi wa lugha jina hilo lina uzito. Kiswahili hakina alama ya jinsia katika viwakilishi wala katika upatanisho wa kisarufi: yeye ni mume na yeye ni mke, na anasoma haisemi anayesoma ni nani. Uhuru huo wa sarufi haukuzuia jamii kujaza jinsia kwa njia nyingine, kwa methali, kwa nyimbo za unyago na kwa vichezeo. Lakini umewarahisishia watunzi jambo moja. Mtoto anaposikia kwamba Akili anahesabu, sentensi yenyewe haina mlango wa kumtolea msichana nje. Hapo pana tofauti kubwa na kile kichezeo cha mwaka 1992 kilicholalamikia hisabati.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa si safari iliyonyooka kutoka gizani hadi mwangani. Mwana hiti alikuwa na mwalimu anayewajibika, lakini alikuwa na ahadi moja tu. Gunzi na waya vilimpa mtoto uhuru wa kuunda, lakini vilimgawia mmoja nyumba na mwingine njia. Barbie alivunja ulazima wa uzazi, akaweka mahali pake ulazima wa sura. Fulla alibadili vazi akaliacha duka. Redio na katuni za Kiswahili zilileta maneno na maswali, lakini hutazamwa na kusikilizwa baina ya matangazo ya biashara yanayosema kinyume chake.

Kinachobishaniwa katika mambo haya si burudani ya watoto. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, ilhali mvulana alitakiwa kufikisha miaka 18. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Hadi mwezi Novemba 2021 msichana aliyejifungua hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali ya mfumo wa kawaida. Kwa msichana wa namna hiyo, umbali kati ya mtoto wa bandia na mtoto wa kweli ulikuwa mfupi mno, na mlango uliofungwa nyuma yake ulikuwa wa kweli. Mwaka huohuo wa 2021, mwezi Machi, watoto walimwona katika runinga mwanamke, Samia Suluhu Hassan, akiapishwa kuwa Rais. Picha hizo mbili ni za nchi moja na mwaka mmoja.

Kazi inayowasubiri wanafunzi wa Kiswahili ni kubwa. Msamiati wa michezo ya watoto, majina ya vichezeo, nyimbo za mdako na rede, pamoja na miswada ya michezo ya redio, havina budi kukusanywa na kuchambuliwa kwa umakini uleule unaotolewa kwa tenzi na riwaya. Wazee waliomtunza mwana hiti na waliokunja magari ya waya wanapungua mwaka hata mwaka. Na mzazi anayesimama sokoni mbele ya rundo la vichezeo anaweza kujiuliza swali dogo kabla ya kulipa: mtoto akikishika kitu hiki, atakuwa amekalishwa katika nafasi ya nani, na je, ataweza kuinuka humo akitaka?